Gari Lililokataa Kuamka Bofu

UKISHUKA feri upande wa Likoni, mpenzi msomaji, utaona namna watu wanavyogawanyika. Wengi hukaza mwendo moja kwa moja kuelekea stendi ya matatu za Ukunda na Diani. Wengine hukata kushoto kwenda Shelly Beach kupunga upepo. Ni wachache wanaokata kulia, hasa wakiwa wageni, na hao ndio wanaofika Bofu.

Bofu ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Likoni. Nyingine ni Mtongwe, Shika Adabu, Timbwani na Likoni yenyewe. Si mahali pa watalii. Ni nyumba za mawe na mabati zilizobanana, vichochoro ambavyo tuktuk hupita kwa shida, miarobaini na mikungu ya kivuli, na akina mama wanaokaanga viazi karai tangu alasiri hadi usiku. Lakini ukifuata ardhi hadi inapokwisha utafika Ras Bofu, na hapo ndipo utakapojua kwa nini wenyeji hawana haja ya runinga. Mbele yako ni maji ya Kilindini. Meli zote zinazoingia katika bandari kuu ya Kenya hupita karibu, kubwa kama mtaa mzima, zikisogea kimya kana kwamba nyumba zimeng'oka na kuanza safari.

Jina la Ras Bofu lilipata kutajwa sana redioni mwanzoni mwa mwaka 2021, kwani hapo ndipo lilipokomea daraja la kuelea la waendao kwa miguu, lililotoka Liwatoni upande wa kisiwani. Watoto wa hapa wanaweza kukuonyesha mahali penyewe kabla hujauliza.

Miongoni mwa meli hizo kuna zile ndefu zisizo na madirisha, zilizofungwa pande zote kama sanduku. Hizo huleta magari, mengi yakiwa yaliyokwisha kutumika Japani. Sheria ya Kenya hairuhusu gari kuukuu kuingia nchini likiwa limezidi umri wa miaka 8, kwa hiyo magari hayo hufika yangali na rangi ya kumeremeta, lakini yakiwa na historia yao. Ukikaa Ras Bofu utaziona meli hizo zikiingia na kutoka. Na kwa kuwa watu wa hapa wamezoea bahari na bandari, si ajabu kukuta ndani ya ua wa mmoja wao gari ambalo hukutarajia kuliona ng'ambo hii.

Gari lililonipeleka Bofu ni Mazda RX-8 ya mwaka 2006, rangi nyekundu, imeegeshwa chini ya mkungu katika ua wa mama mmoja ambaye mumewe alikuwa baharia. Mwenye gari ameaga dunia. Mama huyo pamoja na wote waliohusika waliniruhusu kusimulia kisa chao mradi nisitaje majina, nami nimeheshimu.

Ni gari la kasi, la chini chini, lenye milango minne lakini ile ya nyuma hufunguka kinyumenyume kama kabati. Marehemu alilinunua kwa akiba ya miaka mingi baharini. Jirani mmoja aliniambia kwamba jioni za Ijumaa watoto walikuwa wakikaa barazani kusubiri lipite, kwa sababu mlio wake haufanani na wa gari lolote jingine hapa Likoni. Na ni kweli haufanani. Sababu iko ndani ya injini, na kisa chote hiki kinatokana na injini hiyo.

INJINI ISIYO NA PISTONI

Injini ya gari lako, au ya matatu unayopanda kila siku, ina pistoni zinazopanda na kushuka ndani ya silinda kama mchi ndani ya kinu. Injini ya RX-8 haina pistoni hata moja. Badala yake ina rota mbili. Kila rota ni pande la chuma la pembetatu, lenye ubavu uliotuna kidogo, linalozunguka ndani ya nyumba yenye umbo la kibuyu kilichobonyezwa kiunoni. Rota inapozunguka, pembe zake tatu hugusa ukuta wakati wote, na hivyo huacha vyumba vitatu kati yake na ukuta. Chumba kimoja kinavuta hewa na petroli, cha pili kinabana na kuwasha, cha tatu kinatoa moshi. Yote hayo kwa mzunguko mmoja, bila kitu kupanda wala kushuka. Ndiyo maana injini hii haitikisiki, hupenda kwenda mbio, na sauti yake ni kama ya nyuki waliokasirishwa.

Fikra hiyo ilikuwa ya Mjerumani Felix Wankel, na injini ya kwanza ya namna hiyo iliunguruma mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Wajapani wa Mazda, huko Hiroshima, walinunua kibali mwaka 1961. Walitaabika! Ncha za rota zilikwaruza ukuta wa ndani mpaka ukawa na mistari, na mafundi wakaiita mistari hiyo kucha za shetani. Mhandisi Kenichi Yamamoto na kikosi chake hawakukata tamaa, na mwaka 1967 wakatoa Cosmo Sport, gari lao la kwanza la rota. Likafuata RX-7 mwaka 1978, ambalo lilitengenezwa hadi 2002. Mwaka 1991 gari lao la mashindano, 787B lenye rota nne, lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa, na hakuna gari la Japani lililokuwa limewahi kufanya hivyo. RX-8 lilianza kutengenezwa 2003, na mwaka huo huo injini yake ikatawazwa injini bora ya mwaka duniani. Lilikoma 2012. Tangu hapo rota ilipotea katika magari mapya ya kampuni hiyo mpaka 2023, iliporudi ndani ya MX-30, lakini safari hii kazi yake ni kuzalisha umeme wa kuchaji betri tu. Ni kama bingwa wa masumbwi aliyepewa kazi ya kulinda lango.

Ukubwa wa injini ya RX-8 ni sentimita mchemraba 1308 tu. Gari dogo la sokoni linaweza kuzidi hapo. Nguvu yake, lakini, ni habari nyingine.

Sasa, msomaji, kila kizuri kina kasoro yake, na kasoro ya rota ni pale kwenye zile ncha tatu. Kila ncha ina sili, kipande chembamba cha chuma kinachoteleza juu ya ukuta. Sili hiyo hukaza kwa msaada wa utando mwembamba wa oili. Kwa sababu hiyo injini hii hujinyunyizia oili yake yenyewe kidogo kidogo na kuiunguza. Anayemiliki RX-8 bila kupima oili kila baada ya kujaza tangi mara moja au mbili anajitafutia msiba. Na petroli, kama kila mama aliyewahi kutoa doa la grisi kwenye kanzu anavyojua, huosha oili.

KWA NINI LIKONI NI MTIHANI

Injini ikiwa baridi, kompyuta ya gari huimwagia petroli nyingi kuliko kawaida ili iwake vizuri. Ikiachwa ikapata moto, petroli hiyo yote huungua. Lakini ukiwasha, ukasogeza gari hatua chache, kisha ukazima, petroli ambayo haijaungua hubaki ndani. Huosha oili kwenye sili na kulowesha plagi. Ukirudi kuwasha, kompyuta haijui yaliyopita. Inamwaga nyingine juu ya ile. Sili zisizo na oili hazibani hewa, na hewa isiyobanwa haiwaki. Stata inazungusha, injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, lakini hakuna kinachotokea. Injini imejaa petroli. Injini ya pistoni nayo huweza kupatwa na hali hiyo, lakini mara nyingi hujiokoa yenyewe. Ya rota hufa mikononi mwako.

Hebu fikiria basi mtu anayeishi Bofu na kufanya kazi kisiwani. Anawasha gari alfajiri, anakwenda mwendo mfupi tu, anakuta foleni ya feri. Anazima ili asichome mafuta bure. Foleni inasogea magari matatu. Anawasha, anasogea, anazima. Anarudia hivyo mara saba au nane mpaka afike majini, na injini bado haijapata moto. Kama ungemwomba adui wa rota abuni njia ya kuiua polepole, angebuni foleni ya feri ya Likoni. Na hakuna mahali pabaya pa gari kukataa kuwaka kama kwenye mteremko wa kuingilia feri, nyuma kuna lori linapiga honi na mbele kuna maji ya Kilindini. Mimi mwenyewe, nasema wazi, nisingenunua gari hili kama nyumba yangu ingekuwa ng'ambo hii. Marehemu alilijua hilo vizuri. Mkewe anasema kwamba alikuwa akiondoka nyumbani baada tu ya mshale wa joto kupanda, na kwenye foleni hakuzima kamwe, hata madereva wenziwe walipomcheka kwamba anawapikia makanga.

Alipofariki, watu walijaa uani. Ilibidi gari lisogezwe ili maturubai yapate nafasi. Mpwa wake, kijana wa miaka 20 na kitu, akaliwasha, akalirudisha nyuma hatua kama tano hadi chini ya mkungu, akalizima. Hakuna aliyejua kwamba hatua hizo tano zingeleta matatizo ya miezi.

Mama alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi. Katika muda huo kijana alijaribu kuliwasha gari karibu kila wiki, kwa nia njema, akidhani analitunza. Betri ikafa. Akaazima nyingine. Nayo ikachoka. Kila alipojaribu, injini ilimwagiwa petroli zaidi na kuoshwa oili iliyokuwa imebakia.

Eda ilipokwisha akaja dalali. Msomaji, madalali wa magari wana pua. Huyu alifungua boneti, akazungusha stata mara mbili, akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari. "Pole, mama. Injini hii imekufa. Hiyo ni rota, haitengenezeki hapa nchini. Nitakusaidia, nitalichukua hivi hivi." Bei aliyotaja haingelipa hata karo ya muhula mmoja ya mtoto wake wa sekondari, na nyumbani kuna wawili. Tena hakutaka maneno ya karatasi. Alitaka funguo na kitabu cha umiliki siku hiyo hiyo.

Ninavyoona mimi, dalali huyo hakusema uongo mtupu. Injini iliyojaa petroli na injini iliyokufa hutoa sauti ile ile. Zote mbili huzunguka kwa wepesi bila kushika. Anayetaka kununua kwa bei ya chuma chakavu hana haja ya kujua ni ipi.

FUNDI NA PUMZI TATU

Aliyemzuia mama asitoe funguo ni fundi mmoja mzee mwenye gereji ya jua kali papo hapo Bofu, rafiki wa marehemu tangu ujana. Gereji yenyewe ni bati nne, benchi moja na mwembe. Alisema maneno machache: "Shemeji, nipe siku mbili. Kama imekufa, nitakwambia imekufa, na huyo bwana atakuwapo tu, haendi popote."

Nilikuwapo siku hiyo ya kwanza. Jambo la mwanzo alilofanya halikuhusu gari. Alimwendea jirani aliyekuwa akikaanga viazi hatua chache kutoka pale, akamwomba kwa adabu auhamishe moto wake upande wa pili wa nyumba. Kisha akamnyang'anya kijana sigara. Petroli iliyomo ndani ya injini hiyo ingetoka kama mvuke, akaeleza, na mvuke wa petroli hauoni haya kusafiri hadi kwenye jiko.

Alinyonya petroli ya zamani kutoka tangini na kutia lita chache mpya, kwani petroli iliyokaa miezi hupoteza makali yake. Akatoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili isimwage nyingine. Akachomoa nyaya za koili ili kusiwe na cheche. Akainua gari kwa jeki, akaweka mawe chini, akatoa gurudumu la mbele la kushoto, maana huko ndiko plagi zilikojificha. Ziko nne, mbili kwa kila rota, na za chini si sawa na za juu. Alizipanga juu ya gazeti kwa utaratibu na kuandika kila moja ilikotoka. Zilikuwa zimelowa, zinanuka petroli, nyeusi kama masizi ya chungu.

"Sasa nyamazeni," akasema.

Akamwashiria kijana azungushe stata. Kwenye matundu ya plagi pakatoka ukungu wa petroli, kisha pumzi. Hapo nilielewa anachosikiliza. Rota moja ina pande tatu, na kila upande ukipita hupuliza pumzi yake kwenye tundu la plagi. Rota yenye afya hupuliza mapigo matatu yaliyo sawa: fu, fu, fu. Rota iliyovunjika sili hupuliza moja na kuruka mbili, kwa kuwa ncha moja iko kati ya vyumba viwili. Kuna kipimo maalum cha rota chenye kuonyesha kila chumba peke yake, na kiwanda kinataka chumba kisipungue kilopaskali 680 injini ikizungushwa kwa mizunguko 250 kwa dakika. Fundi wetu hakuwa na kipimo hicho. Alikuwa na kile cha kawaida cha pistoni, nacho hudanganya kwenye rota, kwani hukamata chumba chenye nguvu tu na kuficha vilivyo dhaifu. Kwa hiyo alitumia sikio na kiganja cha mkono.

Rota ya mbele ilipuliza tatu, hafifu, kama mtu anayepuliza chai. Ya nyuma ilipuliza tatu pia, hafifu zaidi. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliuliza kama hiyo ni mbaya.

"Ni hafifu, shemeji, lakini ni sawasawa," fundi akamjibu. "Ingekuwa imevunjika, ningesikia pengo. Hizi zimekauka tu."

Akachukua bomba la sindano lisilo na sindano, akaingiza kama kijiko kimoja cha chai cha oili safi ya injini katika kila tundu. Akazungusha kwa mkono taratibu ili oili ienee. Akaliacha gari wazi usiku kucha chini ya turubai ili petroli iliyosalia ipate kuyeyuka, na betri akaipeleka kuchajiwa. Hatua hiyo ya betri wengi huidharau. Rota inahitaji kuzungushwa kwa kasi ndipo ibane hewa. Betri iliyochoka na stata dhaifu hukupa sauti ya injini iliyokufa hata kama ni nzima. Mazda wenyewe walikuja kulifungia RX-8 stata yenye nguvu zaidi kuliko ile ya miaka ya mwanzo.

Siku ya pili alifunga plagi mpya, akarudisha koili, akaiacha fyuzi ya pampu nje kwanza. Akazungusha sekunde kumi, akapumzisha stata, akazungusha tena. Sauti ilikuwa imebadilika. Sasa ilikuwa nzito, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Hapo ndipo aliporudisha fyuzi. Akamwambia kijana akanyage kikanyagio cha mafuta mpaka sakafuni na akishikilie hivyo hivyo. Hili huwashangaza watu, kwa kuwa mguu huo ndio unaoongeza petroli. Kwenye RX-8 ni kinyume: ukizungusha stata huku umekanyaga mpaka mwisho, kompyuta hufunga petroli na kuacha hewa pekee ipite, ili injini ijisafishe. Ikianza kushika, ndipo unapoinua mguu taratibu.

Jaribio la kwanza halikuzaa kitu. La pili, mlipuko mmoja kwenye ekzosi uliowarusha kuku wote ukutani. La tatu, injini ikakohoa, kijana akaogopa akaachia. "Usiachie, mwanangu! Inua kidogo tu!" La nne ikashika upande mmoja, ikatetemeka, upande wa pili ukashika, na ua wote ukajaa moshi mweupe wa oili hata nisimwone fundi aliyekuwa hatua mbili mbele yangu. Moshi huo ni wa kawaida. Ni ile oili inayoungua. Ulipotoweka baada ya dakika chache, ukabaki ule mlio wa nyuki. Watoto walikuwa wameshajaa langoni. Mama aliingia ndani na hakutoka kwa muda, na hakuna aliyemfuata.

KAMA LAKO NDILO LINALOKATAA

Huenda nawe, msomaji, una gari la rota, au una ndugu mwenye nalo. Usiliwashe kwa ajili ya kulisogeza tu. Kama ni lazima lisogee hatua tano, lisukumeni, watu hawakosekani. Ukishaliwasha, liache mpaka mshale wa joto upande. Wenye uzoefu, kama wamelazimika kuzima mapema, hupandisha mizunguko hadi kama 3,000 kwa sekunde kumi hivi, wakazima huku inashuka, ili hewa ipunguze petroli iliyomo. Badilisha plagi na koili kabla hazijachoka. Likikataa, usiendelee kuzungusha kwa hasira. Kanyaga hadi mwisho, zungusha sekunde kumi, pumzika, rudia mara chache, kisha acha na umwite fundi. Kusukuma ili liwake kunawezekana kwa lenye gia za mkono pekee, tena si vizuri, kwani petroli isiyoungua huishia kwenye chujio la ekzosi na kulipasha moto wa hatari.

Na ukienda kununua, usiridhike kwa kuliona likiwaka asubuhi. Liendeshe hadi lipate moto barabara, lizime, subiri dakika tano, liwashe tena. Injini ya rota iliyochoka sili huwaka vyema ikiwa baridi lakini hukataa ikiwa ya moto. Muuzaji akikwambia liache lipoe kwanza, mshukuru na uende zako.

Fundi alifanya jaribio hilo hilo kabla ya kumpa mama jibu. Alikwenda hadi Ng'ombeni akarudi, akazima mbele ya nyumba, akanywa chai. Likawaka, ingawa si mara moja; stata ilizunguka muda kidogo. Akamweleza mama bila kuficha: injini ina maisha, lakini si ya ujana. Atakayenunua lazima aambiwe hivyo, na bei iwe ya gari kuukuu linalotembea. Hata hivyo bei hiyo ni mara kadhaa ya ile ya dalali.

Kuna jambo jingine ambalo dalali alilirukia na ambalo wajane wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Gari lililoandikwa kwa jina la marehemu si mali ya kuuza mpaka mirathi ifunguliwe na mahakama itoe idhini. Kwa familia ya Kiislamu kama hii, shauri hilo huweza kupelekwa kwa Kadhi. Anayenunua kabla ya hapo hununua kesi, na anayeuza huwadhulumu warithi, wakiwamo watoto wake mwenyewe. Mama alifungua faili lake katika mahakama ya Kadhi Mombasa wiki iliyofuata, akavuka kwa feri kwa miguu, ambako hakuna malipo.

Wakati shauri linasubiri siku yake, gari haliwezi kukaa tena miezi bila kuwashwa. Bima imefufuliwa kwa muda mfupi, na kijana amepewa kazi. Kila Ijumaa baada ya sala huliwasha, hukaa pembeni akitazama mshale mpaka upande, hupima oili, kisha hushika barabara ya Ukunda hadi Tiwi na kurudi bila kuzima njiani. Upande wa feri hakanyagi kabisa. Dalali alirudi mara moja, akakuta ua mtupu, akauliza gari limeuzwa kwa nani. Mama alimwambia limekwenda matembezi.